Jicho la Pia

1

Fundi Ntandu aliponiambia kwamba ananiona kila jioni, nilimchamba mbele ya watu.

Nilimwambia mzee mzima wa miaka hamsini na mbili aende akatafute wa saizi yake, na kwamba mimi hapa kliniki nimeajiriwa kupima macho, si kupimwa nayo. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. Alivua miwani yake ya vumbi, akaipangusa kwa ncha ya shati, akasubiri kelele ziishe.

"Sista Zamoyoni, siongelei mapenzi," akasema. "Nakwambia nakuona. Nikifunga cherehani, mwanga ukianza kupungua, upo. Umekaa hapa." Akaweka kiganja mbele ya uso wake, shibiri moja kutoka puani. "Umeshusha barakoa, unatabasamu. Hereni unayo moja. Ya pili sijui umeiacha wapi."

Nilijikuta nimeshika sikio la kushoto. Hereni ile iliwahi kunidondoka nikaikuta kesho yake kwenye kola ya gauni, na siku ile moja niliyofanya kazi na hereni moja ndiyo siku ambayo Fundi Ntandu alilala kwenye kitanda cha tiyeta, chumba chetu cha upasuaji.

Nikamwingiza stoo ya dawa, nikafunga mlango, nikazima taa, ukabaki mwanga hafifu wa chini ya mlango tu. Nilisikia anapumua polepole gizani.

"Sasa?"

"Upo," akasema. "Nikiangalia kushoto, upo kushoto. Nikiangalia chini, upo chini. Unaniangalia moja kwa moja, hata kope hupepesi."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipofungua bandeji. Nilidhani ni dawa, itaisha. Wahenga walisema macho hayana pazia, Sista. Yangu mimi sasa yana pazia, na pazia lenyewe ni wewe." Akashusha sauti. "Hayo maneno mfikishie Dakta kama ni ya kwako. Mimi nisije nikaonekana nimechanganyikiwa."

Ugonjwa wenyewe hapa Kondoa tunauita pia, kama ile pia ya watoto inayozungushwa kwa kamba. Kioo cha mbele cha jicho, kinachotakiwa kuwa na mviringo kama mgongo wa kijiko, kinalegea, kinasukumwa mbele na kuchongoka. Mtu anaanza kuona taa moja kama taa tano. Wanajitania wenyewe: ukiuliza unaumwa nini, wanakujibu goti, mgongo, na jicho pia. Tangu miaka ya vumbi jekundu ianze, watu wanasugua macho kutwa nzima, na kusugua ndiko kunakokichosha kioo. Zamani aliyezidiwa alipandikizwa kioo cha marehemu. Siku hizi marehemu wetu nao wana pia, kwa hiyo njia hiyo imefungwa.

2

Mashine yetu ilikuja na jina refu la kigeni. Sisi tuliiita Fundi, mpaka Fundi Ntandu alipolalamika, ndipo ikawa Fundi Mdogo.

Fundi Mdogo anafanya kazi mbili kwa kikao kimoja. Kwanza leza inakwangua ile ncha, kiasi chembamba kuliko unywele, kwa kufuata ramani ya jicho la mtu huyo peke yake. Kisha tunadondosha matone ya vitamini ya njano, tunawasha taa ya zambarau, na nyuzi za kioo zinashikana na kukaza. Lazima yote mawili. Leza peke yake inanyoosha kioo lakini inakiacha chembamba zaidi, na baada ya miezi kitachongoka tena. Mwanga peke yake unakaza kioo kikiwa bado kimepinda, na tofali lililochomwa likiwa limepinda halinyooki tena. Kwa hiyo unanyoosha, halafu unachoma.

Kwa matone ya zamani kuchoma kulikula nusu saa. Kwa haya mapya ni dakika nane. Dakika hizo mgonjwa anatakiwa akodolee taa ndogo ya kijani iliyoning'inia juu ya kitanda, asihamishe jicho. Basi hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Mwenye pia haoni taa moja, anaona tano, na kila mgonjwa aliniuliza swali lile lile: "Niangalie ipi, Sista?" Jicho linatangatanga, mtu anatetemeka, dakika zinakwenda. Nikaanza kuisogeza taa pembeni, nakaa juu ya kichwa chake na kuinama. "Niangalie mimi, baba. Niangalie mimi, mwanangu. Mimi ni mmoja tu." Na kwa kuwa kumwangalia mtu usoni huku umeziba mdomo ni kama kumnunia, nilishusha barakoa na kutabasamu. Walitulia wote. Nilijisifu kwa hilo, nisiseme uongo.

Dakta Urio, mpasuaji wetu, alimkalisha Fundi Ntandu kwenye darubini, akatazama muda mrefu. Kisha akanipisha kiti.

Niliona mistari. Ilikuwa myembamba sana, imeenea pembeni mwa kioo mithili ya mistari ya kidole. Sikuona uso, lakini nilijua naangalia nini.

Tulipobaki wawili, Dakta akasema, "Haya matone mapya yanashika mwanga wowote, si ule wa zambarau tu. Palipong'aa zaidi mbele ya jicho, nyuzi zimekaza zaidi. Mchana mboni inakuwa ndogo, mtu anaona kupitia katikati, hana habari. Mwanga ukipungua mboni inapanuka, na ile michoro ya pembeni inaingia kazini."

"Inafutika?"

"Kilichokazwa hakilegezwi, Sista. Unajua." Akakuna kichwa. "Wangapi uliwaambia wakuangalie wewe?"

"Kumi na tisa."

Sikuhitaji kutazama daftari. Niliwajua kwa majina na mitaa.

"Nawaandikia watengenezaji leo," akasema. "Lakini wakisema tufunge mashine, wale sitini wanaosubiri watapofuka wakiwa kwenye foleni. Kuanzia kesho ni taa ya kijani tu, kila mtu. Watabaki na doa la kijani jioni, watalizoea. Na tunyamaze kidogo."

"Kidogo mpaka lini, Dakta?"

Akaenda kwenye sinki kunawa mikono iliyokuwa safi. Na mimi, niliyewahi kumchamba mtu mzima mbele ya benchi zima, nilinyamaza. Niliona aibu, na niliogopa kuonekana mchawi katika mji niliozaliwa.

3

Wiki mbili baadaye Fundi Ntandu alifiwa na mama yake. Nilikwenda mazikoni, kwa sababu asiyekwenda kuzika anajulikana.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa pili honi ya vumbi ilipolia kutoka bomani. Tukavaa miwani yetu, tukafunga khanga puani, mchungaji akaharakisha. Ukuta mwekundu ulikuja kutoka upande wa Kolo ukameza jua, na mchana ule ukawa kama saa moja jioni.

Nilisimama na wanawake upande wa miguuni mwa kaburi. Ng'ambo ya pili nikawaona watu watatu wameinua vichwa kwa pamoja, kila mmoja akiangalia hewa tupu mbele yake. Binti mmoja muuza mkaa. Mwalimu mstaafu. Na Fundi Ntandu, mwenye koleo mkononi, zamu yake ya kutupia udongo. Hakutupia. Alifumba macho, akafumbua, akatazama shimoni, akayafumba tena, mpaka nduguye akampokonya koleo.

Nilihesabu haraka haraka kichwani. Kumi na sita wengine walikuwa mahali fulani katika vumbi lile, jikoni, sokoni, vyooni, na wote kwa wakati mmoja walikuwa na mimi usoni. Nikakaa chini kabla ya mfiwa mwenyewe.

Jioni Fundi Ntandu alinikuta nyumbani kwao, kwenye mkeka wa wanawake. Hakunipa mkono.

"Nilitaka nimtazame mama mara ya mwisho," akasema. "Sista, ulikuwa unatabasamu. Mama yangu yuko shimoni, na wewe unatabasamu."

Wanawake wote mkekani walisikia. Mmoja wao alikuwa Mama Saumu.

4

Kwenye kadi anaitwa Mwasiti Isere, lakini Kondoa nzima inamwita Mama Saumu, na inaendelea kumwita hivyo ingawa Saumu, mtoto wake wa pekee, huu ni mwaka wa pili yuko kaburini. Homa ilimchukua kwa siku mbili, ana miaka saba.

Pia ilikuwa imemshika macho yote mawili. Ramani ya jicho la kulia ilionyesha kwamba likikaa miezi mitatu zaidi bila matibabu halitafaa kitu. Zamu yake ilifika siku ya Jumanne. Aliponiona akatoa bahasha kifuani.

"Wanasema mashine yenu inamweka mtu jichoni."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwepo msibani, Sista. Nina pia, sina uziwi." Akafungua bahasha. "Niwekeeni huyu."

Ilikuwa picha ya shule. Saumu kavaa sare, shingo nyembamba, meno mawili ya mbele hayapo, kidoti shavuni. Alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa pembeni.

"Mbona haangalii kamera?"

Mama Saumu akacheka, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka. "Mpiga picha alimwita mpaka akachoka! Alikuwa ananitafuta mimi. Nilisimama pale kushoto kwake nimemshikia sweta, na kila akiambiwa angalia mbele, ananiangalia mimi." Akaisogeza picha karibu na jicho mpaka ikamgusa kope. "Sasa nikiishika hivi naona Saumu watano, na hakuna hata mmoja mwenye uso. Nimeanza kumsahau. Juzi nilishindwa kukumbuka kidoti kilikuwa shavu lipi. Nilikaa chini nikalia kama siku ile."

Nilimkalisha, nikamweleza ukweli wote, wa nyuzi na wa mboni na wa Fundi Ntandu. Nilimwambia haitakuwa Saumu, itakuwa cheko moja la siku moja, litakalokuwepo akipika, akiswali, akigombana na jirani. Nilimwambia halitoki. Nilimwambia Saumu hatakua.

"Mtoto aliyekufa hakui, Sista. Hilo nalijua kuliko wewe."

"Na matanga? Watu walianua ili upate kupumzika, Mama Saumu. Tanga lina siku zake."

"Walianua siku ya tatu. Wakakunja mikeka, wakaosha masufuria, kila mtu akaenda kwake. Siku tatu mfiwa haachwi peke yake hata chooni, ya nne anaachwa moja kwa moja." Akanigeuzia lile jicho lake lililochongoka. "Na wale wenye uso wako, uliwauliza?"

Nikaipokea picha. Niliwahi kuwaingilia watu kumi na tisa bila hodi, na huyu mmoja aliyebisha hodi mwenyewe ndiye niliyekuwa namzuilia mlango.

Dakta Urio alipiga leza, akaridhika, akatoka kwenda kupima ramani ya mgonjwa wa pili. Alipokuwa mlangoni akauliza, "Taa?" Nikajibu, "Taa." Mlango ulipofungwa nikaisogeza taa pembeni, nikawasha ya zambarau, nikashika picha ya Saumu juu ya jicho la mama yake kwa dakika nane. Mkono uliniuma hadi bega. Mama Saumu hakutikisika hata mara moja, na machozi ya jicho la pili yalimtiririkia sikioni.

5

Alirudi baada ya wiki tatu kwa ukaguzi. Alisoma herufi mpaka mstari wa sita, bila miwani. Nikampa picha.

"Kushoto," akasema. "Kidoti kipo shavu la kushoto." Akaibusu.

Nilifurahi, na furaha ile ilinipa ujasiri. Nikavuta mapazia, nikazima taa, nikasubiri kusikia kilio au kicheko. Macho yangu yalipozoea giza nilimwona amesimama katikati ya chumba, anapiga hatua moja kushoto. Akatulia. Akapiga nyingine. Akapiga ya tatu, akajigonga kwenye kabati.

"Mama Saumu, unafanya nini?"

"Haniangalii, Sista."

"Nani?"

"Anaangalia pale nilipokuwa nimesimama." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Kila jioni nasogea ili niingie pale. Nikisogea, na yeye anasogea. Juzi nilizunguka nyumba yote mpaka nikatokea mlangoni. Anacheka, ananitafuta, na mimi niko hapa hapa, hanioni."

Niliwasha taa haraka. Ile picha niliishika kwa mkono wangu dakika nane, na yale macho ya pembeni nilikuwa nimeyaona mapema nikayaulizia, nikajibiwa, nikacheka naye. Nilimshika mabega nikalia. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Siku ile ile nilimwambia Dakta Urio kila kitu. Nilidhani atanifukuza kazi, lakini akavuta karatasi akaanza kuwaandikia wale kumi na tisa kuwaeleza kilichowapata, na barua zile nilizipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Wapo walionifungia mlango. Yule muuza mkaa aliniomba nisimame kidogo uani kwake mpaka jua lizame, anilinganishe. Fundi Ntandu aliipokea barua akaisoma hadi mwisho, akarudi kwenye cherehani yake. Watengenezaji hawakuwa wamejibu.

Lilibaki jicho la kushoto la Mama Saumu, na halikuwa na muda wa kusubiri.

Dakta alipiga leza. Safari hii hakuuliza habari ya taa, aliiweka mwenyewe sawasawa juu ya kitanda na kunikazia macho kabla ya kutoka. Nilidondosha matone. Kioo kikanywa, kikageuka rangi ya njano.

"Naona taa tano," akasema Mama Saumu. "Niangalie ipi, Sista?"

"Ya katikati. Usijali nyingine."

Nikanyoosha mkono kwenye swichi ya zambarau.

"Isogeze," akasema. "Kaa wewe."

"Mama Saumu, hapana."

"Umenieleza kila kitu, nimeelewa kila kitu. Hata Dakta mwite nimwambie. Nitapewa jicho zima, sikatai. Lakini jioni nitakuwa na mtoto asiyeniangalia kwenye jicho hili, na doa la kijani kwenye hili. Nikae na doa?" Alitafuta mkono wangu akaupata. "Fundi Ntandu anasema wewe unamwangalia mtu moja kwa moja. Yeye linamkera. Mimi ndilo ninalolitaka. Kuwe na mtu mmoja tu anayejua nipo hapa."

Nilimwita Dakta Urio. Alisimama mlangoni na glavu zake, akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza mara mbili kama ana hakika, akajibiwa mara mbili. Matone yalikuwa yanakauka. Akaniangalia, kisha akaivuta taa ya kijani pembeni yeye mwenyewe na kutoka bila kufunga mlango.

Nikakaa juu ya kichwa chake, nikainama, nikashusha barakoa. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikujua niweke uso gani. Kutabasamu nilikuwa nimekatazwa na kaburi la mama wa watu. Nikaufanya uso mtupu, nikaona utamtisha. Nikawasha taa ya zambarau, jicho lake la njano likatulia kwangu, nami nikakaza midomo yote miwili nisilie.

"Lia tu, Sista," akasema, bila kuhamisha jicho. "Nisilie peke yangu."

Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika saba. Nikalia, huku namwangalia.